Tahadhari: nyumba ya kupangisha inayouzwa "ikiwa imejaa wapangaji"

Natoa tahadhari hii kwa yeyote anayetafuta nyumba ya kupangisha ya kununua Dar es Salaam, hasa anayetegemea mkopo wa benki, na hasa maeneo yaliyo kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kibamba. Huko ndiko mimi na mume wangu tulikouziwa nyumba kwa hesabu ya pango ambalo halikuwapo. Jina la muuzaji silitaji kwa sababu shauri letu bado linaendelea, lakini namna anavyofanya nitaieleza yote, kwani tangazo lenye maneno yale yale limeanza kuzunguka tena, safari hii kwa nyumba nyingine.

Kwanza niondoe dhana moja. Huu si utapeli tuliouzoea wa kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu. Nyumba ipo, muuzaji alikuwa mmiliki wake halali, upekuzi tulioufanya kwa Msajili wa Hati ulionyesha kwamba hati haina rehani wala zuio, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa alimfahamu muuzaji kwa sura na kwa jina. Tuliporidhika na hayo tukadhani kazi ya uchunguzi imekwisha. Kilichokuwa cha uongo ni wapangaji.

Nyumba ina apatimenti sita za chumba na sebule, kila moja ikiwa na jiko, choo na mita yake ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Muuzaji alituonyesha mikataba sita, kila mmoja ukisema mpangaji analipa shilingi 200,000 kwa mwezi, mwezi kwa mwezi. Alituonyesha pia daftari la pango na picha za miamala ya simu. Kwa hesabu hiyo nyumba ilikuwa inaingiza shilingi milioni 1.2 kwa mwezi, yaani milioni 14.4 kwa mwaka, na bei yake ya milioni 95 ilionekana kujirudisha katika miaka isiyofika saba. Tulikuwa na akiba ya milioni 50. Milioni 45 zilizobaki nilikopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka mitano, rejesho likiwa karibu milioni 1.1 kwa mwezi, na dhamana ikiwa nyumba tunayoishi. Kwa kuwa ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla haijawekwa rehani, na mume wangu alitia saini ridhaa hiyo akiitazama karatasi ya hesabu niliyoiandika mimi kutoka kwenye mikataba ile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha.

Tulimaliza malipo mwishoni mwa Februari. Wiki ya kwanza ya Machi nilikwenda kujitambulisha kwa wapangaji. Mama mmoja anayeuza vitumbua asubuhi alinitolea kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani na kutoka na mkataba wake. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimeshalipa hadi mwisho wa Agosti." Mkataba aliokuwa nao ulisema shilingi 130,000 kwa mwezi, na ulionyesha kwamba mwezi wa Septemba mwaka uliotangulia alikuwa amelipa shilingi 1,560,000 za mwaka mzima. Ule niliokabidhiwa mimi ulikuwa na jina lake lilelile, lakini kiwango si chake na saini si yake. Wapangaji wawili wengine walikuwa katika hali hiyo hiyo, nao wamelipa mwaka. Wa nne alikuwa amelipa hadi Mei. Apatimenti mbili zilizobaki zilikuwa na watu waliohama usiku mmoja kabla Machi haijaisha, na majirani wakatueleza kwamba waliletwa wiki chache tu kabla sisi hatujaja kuona nyumba, wakatundika mapazia na kuanika nguo.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye mtego. Sote tunajua kwamba katika jiji hili wenye nyumba wengi hudai pango la miezi sita au la mwaka kwa mkupuo. Kwa mpangaji huo ni mzigo, nasi tumeuzoea kama mzigo wa mpangaji. Kwa mnunuzi wa nyumba, hata hivyo, maana yake ni kwamba siku unayokabidhiwa funguo, pango la miezi ijayo huenda limekwisha kupokewa na kutumiwa na yule aliyekuuzia. Mpangaji hana kosa lolote: alilipa kwa mwenye nyumba wa wakati huo, ana mkataba, na wakili wetu alitueleza bayana kwamba tumeinunua nyumba pamoja na haki ya wapangaji hao kukaa hadi muda wao uishe, na kwamba tukimdai mtu alipe mara ya pili tutakuwa sisi ndio wakosaji. Muuzaji anaweza hata kuwa mtu asiyeghushi chochote, akakaa kimya tu, na wewe ukakaa nusu mwaka bila kupokea senti. Muuzaji wetu alijua vema kwamba tukiona mikataba ya mwaka tungeuliza fedha ziko wapi, ndiyo maana ile ya bandia aliiandika "mwezi kwa mwezi". Maneno hayo matatu yangetosha kunishtua, kwa kuwa ni nadra mtaani kwetu kukuta wapangaji sita chini ya paa moja, wote wakilipa kila mwezi.

Benki haijui habari ya mkupuo. Rejesho la kwanza lilikatwa Aprili. Kufikia mwisho wa Agosti tulikuwa tumerejesha takriban milioni 5.5, na nyumba ilikuwa imetuingizia shilingi 2,340,000 tu: miezi sita ya yule wa nne alipoongeza mkataba, na miezi sita kwa kila moja ya zile apatimenti mbili zilipopata watu mwezi wa Juni. Na hata ikijaa kweli, kwa bei halisi ya 130,000 italeta shilingi 780,000 kwa mwezi, chini ya rejesho, kabla ya kodi ya mapato ya pango, rangi, maji taka na koki. Kwa hesabu ya kweli nyumba ile inahitaji zaidi ya miaka kumi kurudisha bei tuliyoilipa, bila kugusa riba. Tungeijua hesabu hiyo tusingefika hata kwenye mazungumzo ya bei.

Dalili zilikuwapo. Katika mojawapo ya apatimenti zilizohamwa niliokota dirishani risiti ya LUKU ya shilingi 10,000, iliyonunuliwa siku nne kabla ya sisi kwenda kuona nyumba, na ndani ya fedha hiyo shilingi 7,500 zilikuwa zimekatwa kuwa kodi ya jengo. Kodi hiyo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na usiponunua umeme deni hujilimbikiza hadi siku utakayonunua. Kwa lugha nyepesi, mita ile ilikuwa imekaa miezi mitano bila mtu kuinunulia umeme, ilhali daftari la muuzaji lilionyesha mpangaji aliyelipa pango miezi yote mitano. Tangu hapo nimemshauri kila anayeniuliza aombe kuona ujumbe wa tokeni za miezi sita kutoka kwenye simu ya kila mpangaji, kwa kuwa daftari huandikwa na muuzaji, lakini umeme hununuliwa na anayeishi ndani.

Miamala ya simu nayo isikupumbaze kama ilivyotupumbaza sisi. Sasa tunajua kwamba fedha zilitumwa kwa jamaa zake nao wakazirudisha kwake siku hiyo hiyo, ili picha zipatikane. Mikataba yote sita ilikuwa na wino mmoja na mwandiko mmoja, na hakuna hata mmoja uliolipiwa ushuru wa stempu. Hili la stempu nililiona, nikalipuuza kwa kuwa wengi hawalipi.

Kikubwa tulichokosa ni kuzungumza na wapangaji wenyewe bila muuzaji kuwapo. Alituambia tusiwasumbue, wasije wakahofia kuhamishwa, nasi tukaona ni ubinadamu. Muuzaji akikuzuia kwa sababu hiyo, simamisha kila kitu. Nenda kwa mjumbe wa shina, ambaye huwafahamu wakazi wa eneo lake kuliko mwenyekiti, kisha gonga mlango mmoja mmoja jioni watu wanaporudi kazini. Uliza mambo mawili: analipa kiasi gani, na amelipa hadi lini. Aandike jibu lake, atie saini, nawe ubaki na nakala. Walio Muscat, Ulaya au mikoani wanaonunua kwa picha na video wamtume mtu wasiyepewa na muuzaji wala na dalali, kwa sababu dalali hulipwa biashara ikikamilika, si ikivunjika.

Katika mkataba wa mauziano, wakili aandike kifungu kinachosema kwamba pango lolote lililopokelewa kwa muda unaofuata tarehe ya makabidhiano litapunguzwa kwenye bei, pamoja na tamko la muuzaji la kila mpangaji, kiwango chake na tarehe yake ya kuisha. Sehemu ya bei, hata asilimia 10, ibaki kwa wakili kwa miezi mitatu. Sisi tulilipa yote siku moja, na mkataba wetu wa kurasa mbili haukuwa na neno hata moja kuhusu wapangaji, jambo ambalo sasa linatugharimu: polisi walitaka kwanza kuliona suala hili kama madai ya kawaida, hadi tulipowapelekea mikataba miwili ya mama yule, wa kweli na wa bandia, ikiwa imewekwa bega kwa bega.

Tangazo linalozunguka sasa linasema apatimenti nane, "imejaa wapangaji, inajilipa yenyewe, mmiliki anasafiri". Letu lilisema hivyo hivyo, isipokuwa zilikuwa sita. Kama umekwisha kutoa fedha ya kushikilia nyumba, usiongeze nyingine kabla hujawaona wapangaji wote nane na mikataba waliyonayo wao mikononi. Na kama wewe ni mmoja wa wapangaji hao, na mwenye nyumba amekuomba utie saini mkataba mpya wenye kiwango usicholipa, tafadhali usitie, na uutunze vizuri ule wa zamani.