Koni na mkoba wa kuoshea utumbo: miezi minane nao, Wete

Nina miaka 26, nimezaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri tangu tumboni, na haja kubwa siwezi kuizuia. Mpaka mwaka jana nilikuwa mtu wa vitambaa na visingizio, harusini siendi, gari ya abiria sipandi.

Seti yenyewe ni mkoba wa maji, mpira wenye kifungio, na koni laini ya silikoni. Hiyo koni ndiyo mambo yote. Sisi wenye mgongo wazi, misuli ya kubana haja haina nguvu. Ukitia maji njia ya haja kubwa kwa mpira mtupu yanakurudia mapajani. Koni inaziba. Kiasi cha maji alinipimia muuguzi na akanifundisha kwanza, nanyi msijipimie wenyewe.

Naangika mkoba msumarini, usawa wa bega. Maji vuguvugu, nayajaribu kwa kiwiko, maana huko chini sihisi, naweza kuungua nisijue. Yakishaingia nakaa chooni dakika 40 na redio yangu. Siku moja naosha, siku moja napumzika. Ramadhani nafanya baada ya futari.

Lawama ninayo. Duka nililoagizia Unguja liliniletea kwa boti koni ya lateksi, ule mpira wa utomvu wa mti, na mimi niliandika silikoni! Mkono ukanitoka vipele. Wengi wetu wenye mgongo wazi lateksi hutudhuru, muuza vifaa asiyelijua hilo anauza nini? Pesa yangu mpaka leo ni "njoo kesho". Na kifungio kinalegea, nimekitia uzi.

Juzi nilikuwa harusini Mtambwe. Nimekaa mkekani mpaka sinia ya biriani imebaki mifupa.