Antivairasi ya Kununua: Uliza Kwanza Leseni Inaisha Lini

Mwezi wa tatu niliuziwa antivairasi, ile programu ya kukinga kompyuta na virusi, Kariakoo kwa shilingi 35,000, nikaambiwa ni ya mwaka mzima. Mwezi wa saba leseni ikaisha na mimi sina habari, maana alama yake pale chini ya skrini haikuondoka.

Nina stesheneri. Kutwa nzima watu wananitumia kazi kwa barua pepe niwachapie. Siku hiyo nikafungua kiambatisho kilichosomeka "Profoma.pdf". Jina lake kamili lilikuwa "Profoma.pdf.exe", na hiyo .exe maana yake ni programu, si waraka; Windows huficha hizo herufi za mwisho mpaka uiambie izionyeshe. Ujanja huo ni wa tangu Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilipojiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kufika jioni mafaili yote yalikuwa yamefungwa na kirusi, hayafunguki tena, zikiwemo tasnifu za wanafunzi watatu.

Mambo ya kasi na bei mtayasoma kwingine. Mimi nataka muangalie tarehe. Virusi vya viambatisho hutengenezwa vipya kila siku, na antivairasi iliyoacha kupokea masasisho inabaki kuvijua vile vya zamani tu. Siku za leseni huanza kuhesabiwa inapowashwa mara ya kwanza. Muuzaji ananunua leseni moja ya kompyuta tatu, anamuuzia huyu leo, yule baada ya miezi minne, na wa mwisho anabebeshwa masalio kwa bei ya mwaka. Yangu ilikuwa imewashwa Julai ya mwaka uliotangulia, kwa mtu nisiyemjua.

Ndiyo maana naweka ESET NOD32 ya Slovakia namba moja, na sioni haya kuipendelea. Ukifungua akaunti ya ESET HOME unaona leseni inaisha lini na kompyuta zipi zinaitumia, kwa hiyo mgeni akiwemo utamjua. Tena kwa anayetumia Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, inakagua barua zinapoingia, kabla hujagusa kiambatisho.

Namba mbili ni Bitdefender ya Romania. Nayo ina akaunti ya kukuonyesha leseni yako, ila ukiinunua mtandaoni kwa kadi, zima malipo ya kujirudia mapema. Ya tatu Kaspersky ya Urusi: inakamata vizuri, lakini leseni zake zimefungwa kwa kanda, hivyo boksi la kuletewa kutoka nje linaweza kukugomea. Marekani walipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2024. Huku kwetu uamuzi ni wako.

Za bure: Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, imo tayari ndani ya Windows 10 na 11. Kama antivairasi yako ya kulipia imekwisha na huna hela, iondoe kabisa ili Defender, ambayo hujiweka pembeni ukiweka nyingine, irudi kazini.

Dukani, kagua kama sehemu ya kukwangua namba iko nzima. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, usome tarehe ya mwisho kwa macho yako, ndipo utoe hela. Akisema mtandao hausomi, washa bando lako.

Na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mimi nilimrudia aliyeniuzia, nikamwonyesha ile tarehe. Akaniuliza, "Dada, risiti iko wapi?" Hakuwa amenipa. Tasnifu moja ilibidi niichape upya, kurasa 84, kutoka kwenye nakala ya karatasi iliyobaki kwa msimamizi wa yule binti.