Mauntingi za injini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Gari likitetemeka kwenye foleni ukiwa kwenye D na AC imewashwa, kisha likatulia ukirudi N, shuku mauntingi kwanza, yaani vishikizo vya chuma na mpira vinavyobeba injini. Likitetemeka hata kwenye N, anza na plagi na koili, maana wengi wamebadilisha mauntingi zote na mtetemo ukabaki palepale.

Kipimo ni rahisi. Boneti iwe wazi, fundi akae kwenye usukani, akanyage breki na kuvuta handibreki, kisha ahamishe gia kutoka D kwenda R. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini ikiruka kwa kishindo, kuna mauntingi iliyokufa. Mulika na tochi: tafuta nyufa, mpira ulioachana na chuma, au majimaji yaliyovuja. Magari mengi madogo yanayovutwa na tairi za mbele yana mauntingi moja yenye majimaji ndani, na kwenye Corolla ni ile ya kulia. Yakishavuja, haitengenezeki.

Hiyo ya kulia ndiyo ninayoisisitiza. Yenyewe na ya kushoto hubeba uzito wa injini na giaboksi. Za mbele na nyuma kazi yake kubwa ni kuzuia injini isipinduke unapokanyaga mafuta. Kama pesa haitoshi zote, usigawanye kidogo kidogo. Iweke yote kwenye ya kulia.

Kwa hiyo, chaguo langu la kwanza ni jenuini mpya, ya kampuni iliyotengeneza gari, kwa upande wa kulia. Kwa Toyota kama Corolla, nenda na namba ya chesisi na uhakikishe namba ya spea inaanza na 12305. Ya kushoto huanza na 12372, ya nyuma 12371, ya mbele 12361. Muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, akikwambia "zote zinaingia", ondoka.

La pili ni mpya ya kampuni nyingine yenye jina. Kwa ya mbele na nyuma inatosha kabisa. Kwa gari la Ulaya, Corteco na Lemförder wanaaminika.

La tatu ni iliyotumika kutoka Japani. Chuma chake ni kizuri, lakini mpira huzeeka hata kama gari lilitembea kidogo. Nunua ya kushoto au ya nyuma tu, baada ya kuukunja mpira kwa mkono na kuona hauna ufa. Ya majimaji iliyotumika siinunui.

Mauntingi ya poliuretani, aina ya plastiki ngumu badala ya mpira, ni ya gari la mashindano. Hudumu, lakini mtetemo wote unaingia ndani, na mama mjamzito au mzee aliyekaa nyuma hatastarehe.

Ya mwisho kabisa ni kujaziwa mpira mtaani. Mpira wa tairi uliokatwa na kushindiliwa ni mgumu kupita kiasi, na mauntingi zilizobaki nzima hulemewa na kufa mapema. Kopi zisizo na jina naziweka karibu na hapo.

Siku ya kufunga, jeki isikae moja kwa moja kwenye sampo, yaani karai la oili chini ya injini, iwekewe ubao. Na boliti zikazwe mwisho, injini ikiwa imeshajilaza yenyewe mahali pake, la sivyo mpira mpya utaanza kazi ukiwa umejikunja.