"Puliza tu": dawa ya buluu ilivyonifichia kidonda cha kuku wangu

Nyota moja. Na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Kishungi ndiye kuku wangu wa siku nyingi kuliko wote, yule anayenifuata miguuni nikifungua banda. Miezi michache iliyopita nilimwona bawa la kushoto limelegea kidogo, kidogo sana. Anakula, anakunywa, anachakura kama kawaida. Kuku ndivyo walivyo, huficha maumivu, kwa sababu mnyonge katika kundi hudonolewa. Nikasubiri giza liingie, maana kuku aliyekwisha kupanda kulala hana fujo, nikamshika na kuinua bawa. Ngozi ya ubavuni ilikuwa imechanika mpaka karibu na paja, kama nguo iliyonaswa na msumari. Kucha za jogoo hizo, aliteleza akimpanda. Manyoya yalilifunika jeraha lote na damu ilishakauka, kwa hiyo hata sijui lilikuwa na siku ngapi.

Kesho yake nikaenda kununua ile dawa ya kopo, ya kupuliza, inayoacha rangi ya buluu. Nikamweleza muuzaji vizuri kabisa: jeraha huenda ni la siku mbili hivi, lina vumbi na kinyesi cha bandani, nianzeje? Macho hayakutoka kwenye simu yake. "Puliza tu." Nikauliza, nisilioshe kwanza? Hapo ndipo aliponitazama. "Dada, kuku huyo. Puliza tu, akifa si unao wengine?"

Sitaisahau sauti ile. Sikumwomba anihurumie, nilimuuliza swali moja la kazi yake.

Basi nikapuliza. Asubuhi na jioni, kama alivyosema. Na kwa macho kilikuwa kidonda kizuri: kikavu, cha buluu tupu, hakuna wekundu hata kidogo. Nilifurahi, nikaona muuzaji hana adabu lakini anajua kazi. Siku ya tatu nikasikia harufu. Nilidhani ni maranda yamelowa, nikabadilisha maranda. Harufu ikabaki. Nikalowesha kitambaa safi kwa maji ya uvuguvugu, nikakibandika juu ya kile kigaga cha buluu mpaka kikalainika, nikakiinua.

Funza. Wengi, wanajisukuma chini ya ngozi, na kando yao usaha mgumu wa rangi ya maziwa. Usaha wa kuku hauchuruziki kama wetu, huganda mapande mapande, kwa hiyo usisubiri uone kitu kinavuja. Inzi alishataga pale, na mayai ya inzi katika joto huweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Mimi nilikuwa napaka rangi juu yake.

Daktari wa mifugo niliyempigia usiku ule alikuwa mbali, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo lingetoka dukani lisingegharimu kitu: osha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, bomba la sindano lisilo na sindano, usukume maji kwa nguvu kiasi hadi yatoke meupe. Nilimviringisha Kishungi kwa taulo, nikamfunika kichwa, akatulia. Funza nikawatoa mmoja mmoja kwa kibano, karibu saa nzima, mikono inatetemeka. Manyoya ya kuzunguka jeraha niliyakata kwa mkasi, sikuyang'oa, kwa sababu kung'oa kunaweza kumchana tena. Mwisho iodini iliyozimuliwa mpaka ikawa rangi ya chai nyepesi. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, daktari alinikataza, alisema huunguza na nyama changa inayojaribu kuota.

Nikamweka ndani ya boksi, chumbani, mbali na inzi na wenzake. Kuosha mara mbili kwa siku, na kukagua kila mara kama kuna funza aliyebaki. Baada ya wiki hivi nyama ya waridi ilianza kujaa kutoka chini. Nililia, nasema kweli.

Sasa niseme haki ya dawa. Aliporudi bandani kidonda kilikuwa kimefunga lakini bado chekundu, na mwenzake mmoja akaanza kukidonoa palepale. Wekundu huwavuta, na wakishaonja damu hawaachi. Nikakumbuka lile kopo. Nikapuliza juu ya ngozi safi, iliyofunga, tabaka jembamba, na udonoaji ukaisha siku ileile. Rangi iliyonificha uozo mimi ndiyo iliyowaficha kuku jeraha. Kwa hiyo dawa si mbaya. Kwa kazi hiyo, baada ya kuosha, naipa nyota tatu, labda nne.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini majuzi Kishungi akaanza kutaga tena, na nikasoma yale maandishi madogo chini ya kopo, yanayohitaji mwanga wa tochi: ndani kuna oksitetrasaiklini. Hiyo ni antibiotiki, na antibiotiki huweza kuingia kwenye yai. Nikarudi kwa muuzaji yuleyule. Nikamuuliza kwa upole, nile mayai baada ya siku ngapi? Nina watoto nyumbani. Akacheka. "Wewe dada wa kuku! Kula tu."

Puliza tu. Kula tu.

Nyota tatu nilizotaja hapo juu zifuteni. Najua kopo halina kosa la mdomo wa mtu, lakini anayeliweka mikononi mwa wateja ndiye huyo, na waliolitengeneza waliona sawa kuandika jambo la mayai kwa herufi za ukubwa wa chawa. Nimempigia tena daktari, akaniambia idadi ya siku za kusubiri, nimeiandika kwa kalamu nene ubavuni mwa kopo. Mayai ya Kishungi nayafukia shimoni kila asubuhi mpaka siku hizo zitimie.