Siku moja na Ford T-5 ya mwaka 1966, Mustang iliyonyimwa jina lake

Nilipokwenda kulichukua gari nililolikodi mjini Essen, Ujerumani, nililizunguka mara mbili nikitafuta neno Mustang na sikuliona popote. Farasi, nembo ya Mustang, yupo kwenye grili na umbo ni lile lile la mwaka 1966, lakini ubavuni pameandikwa T-5. Aliyenikabidhi funguo alidhani ni toleo la mashindano, na hapo alikosea. Kampuni ya Krupp, yenye asili yake hapo hapo Essen, ilikuwa imekwisha kulitumia jina la Mustang kwa malori yake. Inasimuliwa kwamba ilikuwa tayari kuliachia kwa dola 10,000. Ford walikataa kulipa, wakayauza magari yao Ujerumani Magharibi kwa jina la T-5 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa kuwa nembo hununuliwa na kubandikwa na yeyote, niliufungua mlango wa dereva nikasoma kibati cha kiwandani. Namba ya wilaya ya mauzo ilianza na 9, ambayo ni ya magari ya kuuzwa nje ya Marekani, na spidomita nayo inasoma kilomita.

Kilichonivutia zaidi kipo chini ya boneti. Mustang za kawaida za soko la Marekani zilifungwa vyuma viwili vyembamba, kila kimoja kikiushikiza mnara wa shokomzoba, yaani sehemu ya bodi inayoshika shokomzoba kwa juu, kwenye ukuta ulio nyuma ya injini. Za nje zilipewa chuma kimoja kipana kinachoishika minara yote miwili kwa pamoja, ili bodi isijipinde kwenye barabara mbovu. Carroll Shelby, Mmarekani aliyekuwa dereva wa mashindano na mtengenezaji wa magari, alikitumia chuma hicho hicho kwenye GT350, Mustang aliyoiboresha kwa ajili ya mbio. Katika kona za kando ya ziwa Baldeney sehemu ya mbele ilitulia kuliko ile ya Mustang ya kawaida niliyowahi kuendesha, ingawa siwezi kuapa kwamba sifa ni ya chuma na si ya matairi, ambayo yalikuwa mapya. Injini ya V8 ya lita 4.7 inavuta bila kulazimishwa, na inakunywa petroli kama ilivyotarajiwa.

Breki ndizo zilizoniharibia siku. Ni za drum, zinazobana kwa ndani ya pipa linalozunguka na gurudumu, kwenye magurudumu yote manne, na nilipokuwa nikiteremka kutoka Villa Hügel, jumba la zamani la ukoo wa Krupp wenyewe, gari lilianza kuvuta upande wa kulia kila nilipokanyaga. Niliporudisha funguo nikaambiwa kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo. Hilo sikulikubali, kwa sababu drum zilizorekebishwa sawasawa hazivuti upande, na kwa euro 260 za siku moja mteja ana haki ya kupewa gari lililopita mikononi mwa fundi wiki hiyo.

Nitalikodi tena, ila safari hiyo nitazijaribu breki uani kwao kabla ya kutia sahihi.