Taa za chini ya makabati ya jikoni: ipi inapungua mwanga bila kucheza?

Malalamiko ninayopokea siku hizi yamefanana mno. Dada wa Ilazo, hapa Dodoma, kaweka taa za mkanda chini ya makabati, zina rimoti ya kupunguza mwanga, na kila akizishusha jioni kichwa kinamgonga. Mama wa Kisasa akikata kitunguu usiku anaona visu viwili. Mwingine yuko Nkuhungu, fundi kamwambia ni umeme wa TANESCO. Hapana. Umeme wetu una mengi ya kujibu, lakini hili silo.

Urefu na wati sitawachosha nazo, mtapima wenyewe. Rangi chukua kelvini 3000 mpaka 4000, uachane na ule weupe wa 6500 ambao maduka yetu yameujaza mpaka kwenye sakafu. Kwenye boksi tafuta CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi za vitu, ya 90 kwenda juu, maana chini ya 80 nyanya na nyama hupoteza wekundu wake. Hayo kila fundi anayajua. Kasoro ambayo hakuna anayeitaja ni mwanga kucheza pale unapoupunguza.

Taa nyingi za mkanda hazipunguzwi kwa kupewa umeme kidogo. Zinazimwa na kuwashwa kwa kasi, na zikikaa zimezimwa muda mrefu kuliko zinavyowaka, jicho linaona mwanga hafifu. Si dhambi, mradi kasi iwe kubwa. Vifaa vya bei poa hufanya hivyo mara mia chache tu kwa sekunde. Ukitazama taa yenyewe huoni kitu, ila chochote kinachotembea chini yake huonekana vipande vipande, na wapo ambao macho na kichwa vinawauma. Mwaka 2015 IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, kilitoa mwongozo wake namba 1789 kuhusu jambo hilihili: kwa taa inayozimika kabisa kila mzunguko, kasi ikifika mara 1,250 kwa sekunde hatari ni ndogo, na ikizidi 3,000 hakuna athari iliyoonekana.

Sasa sikiliza ujanja ulipo. Dukani taa inawashwa ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, na hapo haizimwi hata kidogo, kwa hiyo haichezi. Mwambie muuzaji aishushe mpaka robo. Kisha pitisha kalamu haraka chini yake, kushoto kulia. Ukiona kivuli kimoja kilichofifia, sawa. Ukiona kalamu nyingi zimepangana kama feni, rudisha kwenye boksi. Au rekodi kwa simu, ile video ya mwendo wa polepole; kama unacheza, mwanga utapiga mapigo waziwazi.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni draiva ya Mean Well, kampuni ya Taiwan iliyoanza 1982. Draiva ni kile kiboksi kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za mkanda. Ndiyo, nasema draiva kabla ya mkanda, kwa sababu tatizo linaanzia humo. Chukua PWM-60 ya volti 24. Inawasha na kuzima zaidi ya mara 1,400 kwa sekunde, na inapokea umeme wa volti 90 mpaka 305, kitu ambacho mkazi wa Dodoma anayeona taa zikinywea saa moja jioni hahitaji kuelezwa faida yake. Mwanga unaupunguza kwa kinobu cha potenshomita ya kiloomu 100 kilichofungwa kwenye nyaya zake za kudhibiti. Rimoti ya nini jikoni, mikono ina unga? Ifungie mkanda wa COB wa volti 24, ule usio na vidoto, maana kaunta ya granaiti iliyong'arishwa inarudisha kila kidoto machoni. Mita tatu za mkanda wa wati 14 kwa mita ni wati 42, draiva ya 60 inabaki na nafasi ya kupumua. Waulize watengeneza mabango ya matangazo, wao wanaijua kuliko wauza taa. Na soma jina herufi kwa herufi, feki zipo.

La pili ni draiva inayokubali swichi ya ukutani ya kupunguza mwanga, maarufu kama dima. Lazima draiva iandikwe TRIAC juu yake, alama kwamba inapatana na dima hizo. Ukifunga dima ya ukutani kwenye draiva ya kawaida utasikia mlio, kisha harufu. Zikipatana, ni nzuri, ila fanya jaribio la kalamu hapa pia.

La tatu ni mkanda wa Philips Hue. Unaanza na mita mbili, unaongezeka mpaka kumi, unaongozwa kwa simu. Mzuri, ghali, na msaidizi wako wa nyumbani hatakuwa na programu yake.

Zile za bei chee zenye adapta ndogo na kirimoti: ziweke nyuma ya televisheni.

Bei sasa. Kuna duka moja katikati ya mji niliuliza draiva, muuzaji akanitazama viatu kwanza ndipo akataja. "Dada yangu, hii orijino, nauli kutoka Dar imepanda." Nauli gani? Tangu 2024 mtu anapanda SGR asubuhi, ananunua Kariakoo, jioni yuko kwake Area D. Na Bunge la bajeti likianza, bei zinapanda utadhani taa nazo zinalipwa posho. Nikamwomba anishushie mwanga nijaribu kalamu, akasema taa haijaribiwi, inanunuliwa. Nikamuachia.

Kwa fundi, mambo machache. Mkanda ukae mbele ya kabati, nyuma ya ule mdomo wa mlango, usiwe kule ukutani. Ukikaa nyuma unamulika vigae na bakuli lako linabaki kwenye kivuli. Uingie kwenye chaneli ya alumini yenye kifuniko cheupe kama maziwa, kwa sababu joto linaua LED na mvuke wa sufuria unabandua gundi. Maungio yachomwe risasi, vile vibanio vya plastiki hulegea. Draiva iwekwe juu ya makabati, penye hewa na pa kufikika kwa mkono. Akikwambia ataizika ndani ya jipsam ili isionekane, mwambie atakuja kuipasua kwa gharama yake, na mwandikishiane kabla hajazima meni swichi.