MA si ya mama

Nianze na leso, maana bila ile leso nisingekuwa na la kuandika.

Jioni moja, wiki kadhaa zilizopita, nilirudi kutoka dukani nikakuta televisheni yetu imevikwa leso ya mamangu. Imefunikwa gubigubi kama maiti, na humo ndani mtu anatukana kwa Kiingereza kwa sauti ya juu. Mamangu amesimama mbele yake, mikono kaipanua kama kipa anayesubiri penalti. Wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, wako mkekani wanacheka hadi machozi. Rimoti haionekani. (Ilikuwa chini ya mto. Aliyeukalia ule mto ni yule mdogo, na sijaridhika kwamba hakujua.)

Kilichokuwa kikionyeshwa ni katuni.

Katuni! Kwetu katuni ni ya watoto, hatujawahi kuambiwa vingine. Mamangu aliona sungura mwenye macho makubwa na masikio ya kulegea, akawawekea wajukuu, akaenda jikoni kugeuza mahamri. Aliporudi, sungura hana kichwa, damu imetapakaa kioo kizima, na sungura mwenzake anatoa maneno ambayo mamangu, asiyejua kuomba hata maji kwa Kiingereza, aliyatambua yote. Amekulia karibu na bandari.

Ni programu ya filamu ya kulipia kila mwezi, ya huko nje. Jina nalihifadhi.

Je, onyo lilikuwapo? Lilikuwapo, na hapo hasa ndipo nilipopandwa na hasira. Niliirudisha ile katuni mwanzo nikatazama mwenyewe. Juu kushoto, kwa viherufi vyeupe vya kukodolea macho, pameandikwa TV-MA, na pembeni yake L na V. Nikahesabu moja hadi tano, vikapotea. Nikamwuliza mamangu kama aliviona.

"Niliviona, mbona? Mwanao alinisomea."

Mwanangu wa miaka 6 ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Alisoma kama alivyofundishwa: m, a, ma. "Ni TV ya mama," akamwambia nyanyake. Mamangu akaona sawa kabisa, kwani anayelipia ni mimi.

Nikafungua pale pa kuandikiana na huduma kwa wateja. Akanipokea kijana mmoja na pole zake za kunakili. "Pole sana, mteja wetu mpendwa. Alama ya onyo ilionyeshwa mwanzoni mwa kipindi." Nikamwambia alama yenyewe haieleweki. Akanijibu, "TV-MA ni alama ya kimataifa."

Kimataifa! Hapo nikavua viatu nikakaa vizuri. Hizo herufi ni za Marekani. Zilianza kutumika huko 1997, baada ya sheria ya 1996 iliyofanya televisheni mpya za inchi 13 na kuendelea ziwekwe kidude cha kufungia vipindi, V-chip. MA maana yake kipindi cha watu wazima, hakiwafai walio chini ya miaka 17. L ni matusi, V ni ukatili, S ni ngono, na D, ambayo nilidhani ni drama, kumbe ni yale maongezi ya kuelekea chumbani. Mmarekani aliyekua nazo hana shida nazo. Waingereza wana za kwao. Na sisi hapa Kenya Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina zake: GE kwa watu wote, PG mzazi awe karibu, halafu 16 na 18. Hiyo 18 haitaki mkalimani. Mamangu anaijua, ndio umri wa kuchukua kitambulisho. Tena stesheni zetu za kawaida haziruhusiwi kurusha mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Mamangu amezoea hivyo, kwamba kukiwa bado na mwangaza nje, televisheni ina adabu. Hii programu ya intaneti haijui mchana wala usiku, ukibonyeza tu imekuja.

Nikamwandikia hayo yote, mstari baada ya mstari. Nikikasirika sikosi maneno. Akanyamaza muda mrefu, nikafikiri ameenda kumwita mkubwa wake. Kisha yakaja haya:

"Mama, kwani hapo nyumbani hakuna aliyesoma?"

Nimeyarudia kuyasoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Mamangu ametusomesha watoto wanne kwa mahamri. Anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, barua zote za marehemu babangu ziko hivyo, zimefungwa kwa utepe ndani ya sanduku. Huyo kijana apewe moja tu, tuone kama atajua aanzie kulia au kushoto.

Nikatoa nyota moja. Niliibonyeza hadi kucha ikaniuma.

Sasa ngoja niseme na upande wangu, kwa sababu usiku ule watoto walipolala niliingia kwenye mipangilio kutafuta pa kujitoa, nikakuta jambo ambalo halikunifurahisha. Siku ya kwanza kabisa nilipojiunga, programu iliniuliza: je, kuna watoto watakaotumia? Nami nilibonyeza "Baadaye". Nakumbuka, nilikuwa na haraka ya kuona mwisho wa filamu yangu. Tena ukifungua ukurasa wa ile katuni kabla ya kuianzisha, umeandikwa waziwazi, kwa maneno na si herufi, kwamba ni ya watu wazima, ina damu na matusi. Kutengeneza sehemu ya watoto na kuweka namba ya siri kulinichukua muda usiofika wa kuchemsha chai. Basi haki itendeke, nikapandisha hadi nyota tatu.

Ikaenda vizuri. Huyu mkubwa alilalamika kwamba amewekewa vya watoto wachanga, nikajua basi inafanya kazi. Namba ya siri nayo niliibadilisha mara moja, baada ya kugundua kwamba mwaka wangu wa kuzaliwa nyumba nzima inaujua.

Nilikuwa nimeshaanza kuisifia kwa jirani. Halafu siku moja, mchana mweupe, nikafungua sehemu yangu mwenyewe nitafute cha kutazama. Sijachagua kitu, kidole bado kinatembea juu ya picha, mara picha moja ikaanza kucheza yenyewe. Mwanamke anapiga mayowe, kisu kinapanda na kushuka. Hakuna MA, hakuna V, hata zile sekunde tano za kudanganyia hakuna. Kumbe alama ni ya filamu. Kile kionjo kinachojianzisha chenyewe ili ununue hakina mwenyewe, kinaingia sebuleni bila hodi. Na watoto walikuwa pale pale wanakula.

Safari hii leso iliwahi.

Nikaandika tena, hasira mpya juu ya ile ya zamani. Alinijibu dada mwingine. Hakuniambia habari za kimataifa. Alisema, "Dada yangu, hapo mna haki," akanielekeza jinsi ya kuzima vionjo visijianzishe. Kitufe chenyewe hakiko kwenye televisheni, hadi uingie kwenye akaunti kwa simu, ushuke chini kabisa, chini ya mambo ya malipo. Kwa nini kimefichwa huko msiniulize mimi. Nimekizima, kimezimika.

Nyota mbili, basi. Moja ni ya yule dada. Na ndiyo, mwezi huu nimelipia tena.

Pembeni ya televisheni nimebandika kipande cha katoni: MA si ya mama. L matusi. V damu. S mwite mama. Mamangu amejiandikia yake chini, kwa herufi zake. D niliiruka. Juzi yule mdogo akamwuliza nyanyake D ni nini, naye bila kuinua macho kwenye unga akamwambia:

"Hiyo ni dua, mjukuu wangu. Ukiiona, fumba macho."